Mbwa wa Sayrakan na Mafuta ya Mkia

Malishoni juu ya mto Naryn, aliyepita mbele ya hema la Sayrakan bila kuonja kitu, basi alipita akikimbia. Mama huyu alikuwa mkarimu mpaka kero. Kuambiwa ana mkono wa birika kungemuuma kuliko kuitwa mwizi.

Alikuwa mjane, akichunga kondoo wake mwenyewe. Mbwa wake mzee alipokufa, alitafuta mtoto wa mbwa wa uzao mkubwa, wale wanaomkabili mbwa mwitu ana kwa ana, akamwita Moinok. Asipopata mlinzi wa zizi kabla ya theluji, itambidi auze kondoo wote na kuhamia kwa wifi yake kijijini, jambo ambalo hakulitaka hata kwa dawa.

Sasa mgeni wa heshima kwao hupewa mafuta ya mkia wa kondoo, na Moinok alipokewa hivyo hivyo kila siku. Mafuta, nyama, supu nzito, na unga wa mifupa juu yake ili akomae upesi. Kijibwa kikanona, kikang'aa, na Sayrakan akavimba kichwa. Nani angemlaumu?

Jirani yake Ormon, mchungaji wa siku nyingi, alikuja kunywa chai.

"Dada, huyu ni mbwa au kondoo wa harusi?"

"Kijicho hicho! Wako wamekonda mpaka nawaonea haya."

"Wangu wanapanda mlima. Hebu tazama miguu ya mbele ya huyu."

"Ina nini?"

"Inapinda. Mwili unakimbia, mifupa imebaki nyuma. Mbwa mkubwa hukuzwa polepole, dada. Mpe atala na nyama kidogo. Mafuta na huo unga wa mifupa, acha."

"Atala? Uji wa unga, na nyama ninayo? Watu watanionaje?"

"Haya, basi utambeba mgongoni."

Sayrakan akamjazia bakuli la chai mpaka ukingoni. Kwao mgeni humiminiwa nusu ili aongezwe. Bakuli likijaa, maana yake kunywa uende. Ormon akacheka, akanywa, akaenda.

Siku chache baadaye kondoo walipanda mteremko, Moinok akakaa katikati ya njia, akalia. Sayrakan akashuka, akaishika miguu ile. Kweli ilikuwa imepinda, na kila alipoigusa kijibwa kilijikunja kwa maumivu. Hofu ikamshika. Mapenzi yake mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yakimlemaza mnyama yule, na yeye alikuwa akijisifu. Akambeba mpaka hemani, akakoroga atala.

Moinok aliunusa uji, akatazama chungu cha nyama, akamtazama yeye. Kisha akaangua kilio. Sayrakan aliingia ndani, akalia pia. Hakuwahi kumnyima kiumbe chakula maishani mwake, wala hakujua kuwa kunyima kunauma hivi. Kesho yake bakuli lilirambwa likawa safi.

Majira ya kupukutika majani waliteremka kwenye zizi lao la baridi kijijini, kondoo wote wakiwemo. Moinok alitembea mwenyewe njia nzima nyuma ya kondoo, mrefu, mwembamba, miguu bado haijanyooka sawasawa lakini imara. Wifi yake Kalicha alikuwa langoni na wanawake wenzake.

"Ee wifi! Hata mbwa unamnyima chakula? Mbavu zote nje! Marehemu kaka yangu angeona haya."

Wanawake wakacheka. Kalicha akachukua kipande cha mafuta ya mkia kwenye sinia la kuwapokea wageni, akainama kumpa Moinok. Sayrakan akaudaka mkono wake.

"Usimpe."

"Mh! Unamnyima hata cha wenzako?"

Uso ulimwaka moto. Angeweza kueleza habari ya mifupa, lakini nani angesikiliza?

"Namnyima, wifi," akasema. "Kawaambie na wengine."

Akampigia Moinok mluzi, wakaswaga kondoo kwenda zizini.