Mwita Hakuwa Kwenye Hesabu

Mkojo wa pimbi una harufu yake. Uliyekulia kwenye mawe ya huku kwetu unaijua: kali, kama ngozi mbichi iliyoachwa juani kisha ikanyeshewa, na ukishaivuta inakaa nyuma ya koo siku nzima. Juzi nilikuwa nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Mugumu, naanika nguo za watoto juu ya mwamba, upepo ukaniletea. Shati likanidondoka. Nikachuchumaa palepale, mwanamke mzima niliyezaa mara mbili, naogopa vilevile nilivyoogopa nikiwa na miaka tisa.

Ngoja niwasimulie, maana nimechoka kulinyamazia jambo hili.

Nilikulia Nyanungu, na mwaka huo nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Nyamhanga, alikuwa mrefu mwembamba, na suruali yake ya kaki ilipigwa pasi mpaka ikang'aa magotini. Alituahidi kwamba tukifanya vizuri mtihani wa katikati ya mwaka atatupeleka Ikoma kuona boma la Wajerumani. Wiki mbili hatukuongea kingine. Sisi tulijua nyumba za udongo, nyumba za bati na zizi la ng'ombe. Nyumba ya mawe yenye minara hakuna aliyewahi kuiona. Rafiki yangu Gati aliapa kwamba Wajerumani wenyewe bado wamo ndani, ila wamezeeka na hawaoni vizuri.

Jioni ya kuamkia safari, mama alikuwa anapepeta mtama, akasema bila kuinua uso, "Kesho utaenda na Mwita."

Mwita ni mdogo wangu. Alikuwa na miaka mitatu wakati ule, na tangu aanze kukaza shingo nilikuwa namlea mimi. Mama alikuwa na kichanga cha miezi miwili na palizi ya mbali. Baba alikuwa Genkuru kwenye mashimo ya dhahabu, akirudi anapojisikia. Nilisimama tu, midomo imenivimba kwa hasira, na mama akaiona.

"Si mnaenda kuangalia mawe? Basi na yeye ataangalia. Mawe yanaisha?"

Asubuhi nilifika kwenye lori la shule nikiwa nimemfunga Mwita mgongoni kwa kanga. Mwalimu Nyamhanga alikuwa amesimama na karatasi yake ya majina.

"Bhoke, huyo nani?"

"Mdogo wangu, mwalimu. Mama yuko shamba."

Akapuliza pumzi kwa pua kama fahali. "Sikiliza. Kwenye karatasi nina watoto arobaini na mmoja. Huyo simhesabu. Akilia ni wako, akijikojolea ni wako. Akinisumbua, nawashusha wote wawili porini mkalale na fisi."

Wenzangu wakacheka. Nikasema ndiyo mwalimu, nikapanda. Na niwaambie ukweli, nilipanda kwa fahari kidogo, kwa sababu nilikuwa nimekubaliwa.

Tulisimama njia nzima, tumeshikana mabega, vumbi limetupaka nyusi nyekundu. Karibu na Mugumu, Mwita alimtapikia Gati viazi vitamu begani. Gati akaruka. "Huyu mtoto wako si ungemwacha!" Mtoto wako. Mimi mwenye meno ya mbele yaliyoota juzijuzi. Hakuna hata mmoja ndani ya lori aliyeona ajabu, na mimi mwenyewe sikuona.

Boma lilikuwa juu ya kilima. Sehemu ya kuta ilikuwa imeanguka, miti imeota ndani ya vyumba, na mawe yaliyobaki yalikuwa meusi kwa moto na mvua. Chini, mbuga ilienda mpaka macho yakachoka. Alitupokea askari wa wanyamapori, mzee wa Kiikoma mwenye bunduki begani. Tukamwamkia shikamoo kwa sauti moja, akacheka, halafu hakucheka tena.

"Marahaba. Huku juu chezeni. Chini ya ukuta kwenye majani, asishuke mtu. Asubuhi nimeona nyayo za simba, na hakuwa mmoja."

Mwalimu Nyamhanga alituonyesha vitundu vya kutolea mitutu ya bunduki, kisha akatupeleka kwenye chumba kimoja chenye mlango wa kuinama, kisicho na dirisha. "Humu walifungwa babu zenu waliokataa kazi za shuruti. Wengine hawakutoka. Na kama mnavyoona, nafasi bado ipo, kwa hiyo anayetaka kunipigia kelele aseme." Alitaka kutuchekesha. Mimi nilihisi ubaridi ukitoka mle ndani ukinigusa vifundo vya miguu, nikarudi nyuma nikamkanyaga mtu.

Kisha akatuachia tucheze. Wote wakakimbilia mnara. Mimi mgongo ulikuwa unawaka, gauni limelowa jasho langu na mkojo wa Mwita. Gati akanipungia kutoka juu. "Bhoke! Njoo uone nyumbu! Kama siafu!"

Nikamfungua Mwita. Nikatandika kanga kwenye kivuli cha ukuta, nikamkalisha, nikampa kiazi.

"Kaa hapa. Usinyanyuke. Nakuja sasa hivi."

"Na mimi," akasema.

"Wewe utaanguka."

Nikapanda. Na sitawaficha: kule juu nilifurahi. Upepo ulinipita mgongoni pale palipolowa, pakawa pabaridi, pepesi, na nikanyoosha mikono kama ndege. Nyumbu walikuwa kweli kama siafu. Sijui nilikaa muda gani. Mtu akifurahi hana saa.

Niliposhuka nilikuta kanga, na juu ya kanga hakuna kitu.

Nilimwita. Lakini sikilizeni jinsi nilivyomwita: kwa kunong'ona. Nilizunguka boma lile nikinong'ona, "Mwita, Mwita we," kwa sababu nikipaza sauti mwalimu atasikia. Niliingia kwenye kile chumba cha wafungwa, nikapapasa ukuta wote kwa viganja, nikitegemea kugusa mkono wa mtu. Nilikwenda kwenye ukuta ulioanguka, nikachungulia majani ya chini. Yalikuwa yamenizidi urefu, na yalikuwa yanacheza. Huenda ni upepo. Nilijua ni simba. Nilimwona kabisa akimla mdogo wangu, taratibu, akianzia na kile kitumbo.

Filimbi ikalia.

Msiniulize kwa nini nilikwenda kupanda. Mwalimu alisema pandeni, nikapanda. Alisimama kwenye ngazi ya lori akimgonga kila mtu kichwani kwa ncha ya fimbo. Nami nikagongwa. "Thelathini na tisa, arobaini, arobaini na mmoja. Wametimia. Dereva, twende!"

"Mwita yuko wapi?" Gati akaniuliza.

"Yuko mbele, kwa dereva."

Nilidanganya. Maneno yalitoka yenyewe, laini kabisa. Lori likanguruma. Nikafungua mdomo niseme, sauti haikuja. Nikafungua tena. Boma likaanza kurudi nyuma, na idadi imetimia, na hakuna mtu duniani aliyekuwa anamtafuta mdogo wangu. Basi nikapanda ubao wa nyuma nikaruka.

Nilitua kwa magoti kwenye changarawe. Nikasikia kelele, "Mwalimu, Bhoke ameanguka!" na breki. Mwalimu Nyamhanga akaja mbio na fimbo.

"Una wazimu? Unataka kuniharibia hesabu?"

"Mwita," nikasema. Hilo tu ndilo lililotoka.

Uso wake ukawa kama majivu. Akanishika mabega akanitikisa. "Umemwacha wapi? Wewe, umemwacha wapi?"

Askari alikuwa amefika. "Mtoto gani amepotea?"

"Si wa shule, mzee. Ni wa huyu."

Yule mzee alinitazama: magoti, damu, gauni lililolowa. Kisha akamgeukia mwalimu. "Na huyu ni wa nani?"

Mimi nilidhani mzee anauliza jina la baba yangu, nikamtajia.

Tulimpata kwa sababu ya macho ya mzee yule. Aliona nyayo ndogo kwenye vumbi, zinakwenda nyuma ya boma ambako ukuta uliporomoka ukaacha tundu kati ya mawe. Tundu lilinuka pimbi mpaka macho yanatoa machozi. Mzee akatunyamazisha kwa mkono. Ndani kabisa, mtoto alikuwa anaongea.

"Asiguse mtu jiwe lolote," mzee akasema. "Likiteleza moja yanakuja yote."

Hakuna mtu mzima aliyeweza kupenya. Na watoto arobaini walisimama pale, lakini wote walinitazama mimi.

"Huyu anatetemeka," mzee akasema.

"Ni mdogo wake," akajibu mwalimu.

Nikaingia kwa tumbo. Mawe yalinikwaruza mgongo, giza likanijaa puani pamoja na ile harufu, na mbele yangu yaliwaka macho madogo madogo, mengi. Nilijua nimekufa. Kisha nikagusa mguu wa moto, mnene, naujua hata usingizini.

"Paka," Mwita akaniambia kwa furaha. Alikuwa anawapa pimbi kiazi.

Nilimvuta kwa mguu ule mpaka nje. Alilia njia nzima hadi nyumbani, si kwa woga, bali kwa kuachanishwa na paka wake.

Nilichapwa fimbo nne palepale kabla ya kupanda lori. Nyumbani, mwalimu alimweleza mama jinsi nilivyomtupa mtoto porini. Mama alimvua Mwita nguo zote, akamkagua kichwa, akamhesabu vidole vya mikono na miguu, akashukuru Mungu. Kisha akaniambia, "Kachote maji." Nikaenda mtoni, na changarawe bado imo magotini. Miaka mingi nilijijua hivyo tu: mimi ni yule aliyempoteza mdogo wake. Yeye Mwita hakumbuki chochote. Sasa ni jibaba la bodaboda, nikimsimulia anacheka.

Hasira ilinijia nikiwa mtu mzima. Binti yangu mkubwa, Robi, ametimiza miaka tisa. Sare yake ya shule nikiikunja inaingia kwenye mfuko wa sukari wa kilo moja. Bado anamkimbia kuku mwenye vifaranga. Nilimtazama mwaka huu amelala, mdomo wazi, nikasema peke yangu: hiki ndicho kilichokabidhiwa mtu? Nikampigia mama simu nikamfokea. Akasema, "Mimi kwa umri huo nililea wadogo zangu watatu."

Mngesema basi nimejifunza. Mwezi uliopita nilimtuma Robi dukani kwa Mzee Salumu kununua sabuni, na mdogo wake, Nyangi, mgongoni, kwa kuwa nilikuwa na dagaa jikoni. Akajikwaa kwenye mtaro. Nilisikia kilio nikatoka mbio, nikamnyakua Nyangi, nikaanza kumkagua kichwa, vidole, kimoja kimoja, huku nampigia Robi kelele hana macho.

"Hajaumia, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Nimemkinga na mkono."

Mkono wenyewe ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Nyangi nilimwachia jirani. Tulikwenda hospitali wawili tu, polepole, nimemshika Robi bega la upande mzima. Alikuwa halii. Nilijua kwa nini halii, na kulijua kukanichoma kuliko kama angepiga mayowe.

"Mama, umekasirika?"

"Sana. Ila si wewe."

"Sasa nani?"

Nikamtajia. Nikamwambia mimi mwenyewe, na bibi yako, na mwalimu mmoja wa zamani, na wote waliokuwa wanatutazama. Akatembea mpaka karibu na geti la hospitali, anafikiri, kisha akaniuliza kama mtu anayeogopa kunivunjia heshima:

"Watu wazima wengi hivyo, mama?"

Nikamwambia ndiyo, wengi hivyo.