Siku niliyomkatalia mama mkwe

Kitufe cha sauti cha rimoti kilikuwa kimeshikana kwa mafuta ya mawese, na ibada ya kwenye televisheni tukawa tunaiangalia na watoto bila kuisikia. Mama mkwe akaniletea beseni. "Mukamwana, iyo kitu uoshe na maji na sabuni, kama sahani."

Sijasoma sana, na kwetu mukamwana, yaani mke wa mwana, hamwambii mama mkwe hapana. Lakini nilisema: "Hapana, mama. Maji itaiua."

Niliogopa kweli, maana kama ningeiharibu, angesema nilimdharau, tena bure.

Nikatoa betri kwanza. Nikalowesha kitambaa kwa spiriti kidogo sana, nikafuta, na kati ya vitufe nikapitisha kijiti cha meno polepole. Nikaiacha ikauke vizuri ndipo nikarudisha betri. Sauti ikapanda! Kusema haki, yeye ndiye aliyegundua mafuta. Mimi nilidhani betri zimekwisha.

Jioni nilimsikia akimwambia jirani: "Mukamwana wangu alinikatalia mbele ya watoto. Na alikuwa na haki! Leta na rimoti yako akusafishie."

Nikaendelea kusugua sufuria, nikicheka peke yangu.