Ukindu Mwekundu Niliouita wa Kijani

Ukindu ukichemshwa na rangi hutoa harufu ya majani mabichi na kutu, na ukiivuta sana kichwa kinauma. Nyumbani kwetu Kinjumbi, mwezi ule tuliokuwa tukijiandaa kumwoza shangazi Mwanahawa, harufu hiyo ilijaa uani mpaka ikaingia kwenye wali. Mimi leo nachora hadithi za katuni kwa wino mweusi mtupu, na watu hudhani ni madaha. Wala. Nyekundu na kijani kwangu ni ndugu pacha waliovaa kanzu moja. Shule niliiacha darasa la tatu, si kwa hilo. Nilikula embe la mwalimu, naye wala hakuwa mwenye mwembe. Tuyaache hayo.

Bibi mzaa baba alikuwa msusi wa mikeka, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alisuka kwa vidole, na kazi yangu ilikuwa kumpa ukindu wa rangi aliyoitaja. Alinichagua mimi kwa kuwa, alisema, nina macho ya mwewe. Ningemwambiaje? Nikabuni ujanja: mwekundu ulianikwa kamba ya upande wa jikoni, wa kijani upande wa choo. Nikawa nasoma kamba, sisomi rangi, na nikajiona mtu mzima.

Siku moja mvua ikanyesha. Shangazi akauanua ukindu wote, na jua liliporudi akauanika alivyopenda mwenyewe. Nami nikaendelea kusoma kamba zangu.

"Mama, hebu!" shangazi akasema alasiri, ameukunjua ukili, ule utepe uliosukwa unaoshonwa kuwa mkeka. "Huu mkeka wa harusi au bendera za timu mbili? Huku nyekundu pembeni, huku kijani pembeni!"

Bibi akaupapasa ukili taratibu kama anayepapasa uso wa mgonjwa. Mimi hakunifikiria hata kidogo. "Basi vidole navyo vimenitoka," akasema. "Kanunue mkeka wa dukani, mwanangu. Mimi nimeacha."

Akakaa, mikono mapajani, haina kazi. Sijapata kuiona hivyo kabla wala baada. Nilitaka kusema, mdomo ukagoma. Nikaingia jikoni, nikachukua mkaa na karatasi ya mfuko wa saruji, nikachora visanduku: kamba mbili, mvua, shangazi na mzigo wa ukindu, halafu mimi, nikikuna kichwa mbele ya mafungu mawili ya ukindu yaliyofanana. Nikampa shangazi, nikajificha nyuma ya mlango.

Shangazi akamsimulia bibi kisanduku kwa kisanduku. Kisha bibi akacheka mpaka akakohoa. "Mume wangu, njoo hapa! Kumbe tumeoana vipofu wawili, na wewe kimya? Ukindu mwekundu utapigwa fundo nchani. Haya, tufumue."

Tulifumua siku tatu. Shangazi aliolewa na mkeka wa mama yake.

Juzi kijana mmoja wa gazeti alinipigia simu. "Shikamoo babu. Tia rangi, siku hizi nyeusi haiuzi." Nikamjibu marahaba, rangi sizioni. Sebuleni palijaa wageni, wote wakasikia, na sikuona haya. Utotoni neno hilo lilinigharimu mvua nzima na kicheko cha bibi. Sasa linatoka kwa pumzi moja. Lakini nilipokata simu nilimchora yule kijana, sikio limeganda kwenye simu. Mkono wangu bado haujaamini kwamba mdomo umeshasema.