Swali Kutoka Upande wa Pili wa Ukuta

Mimi si mtu wa kunyamaza. Mume wangu atakuapia hilo bila kushikishwa Biblia. Ndiyo maana siku ya mahojiano ya majaribio, nilipokaa mbele ya wakubwa watatu nikiwa nimefumbata mikono na kutazama viatu vyangu, dada wa ofisi ya utafiti alidhani naumwa.

Dada huyo ni Mtaita aliyekuja Kisii kikazi, na chuo kilikuwa kimempa jukumu la kutusaidia sisi wahadhiri wachanga tuliomaliza uzamivu juzijuzi. Kulikuwa na ufadhili wa utafiti unaogombewa na watafiti chipukizi wa nchi nyingi, na wanaoupata ni wachache. Mwaka uliotangulia niliuomba peke yangu, nikaanguka kwenye mahojiano. Safari hii chuo kiliamua kwamba hakuna mtu wake atakayeenda huko kabla ya kupigwa msasa: unaandika, wenzako wanakukosoa, unaandika tena, kisha wakubwa wa nyumbani wanakuhoji kwa ukali kabla wageni hawajakuhoji. Niliutaka ufadhili huo kwa moyo wote. Bila huo kazi yangu ingeishia kabatini, nami ningerudi kwenye madarasa ya jioni kufundisha mpaka sauti ikauke.

Kazi yenyewe ilihusu akina mama wanaochuma majani chai huku Nyamira. Mama anatoka alfajiri, mtoto mchanga anaachiwa nyanya yake pamoja na kikombe cha uji wa wimbi, na kabla hajaota jino ameshaacha kunyonya. Nilitaka kujua ni nini kinaweza kufanywa palepale shambani ili mtoto aendelee kunyonya.

Neno hilo ndilo lililoniziba mdomo. Aliyekaa katikati ya ile meza, profesa wa udongo anayeogopwa na chuo kizima kwa maswali yake, ni ndugu wa baba mkwe wangu, wa tumbo moja. Kwa Wakisii huyo naye ni baba mkwe kamili. Na kati ya mke wa mwana na baba mkwe kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya: hampeani mikono, hamtazamani usoni, yeye haingii nyumbani kwako, na mambo ya mwili hayatajwi akiwepo. Sasa nianze kumweleza mzee huyo habari za matiti, tena huku nikimkazia macho, kama tulivyofunzwa kwenye semina?

Yeye pia alikuwa mashakani. Alitazama dari. Aliniuliza habari za mvua, nikamjibu habari za mvua. Akauliza kama njia za Manga, kwenye mashamba ninayofanyia utafiti, zinapitika, nikasema bodaboda zinafika. Wenzake walituangalia sisi wawili kwa zamu, na muda ukaisha tukiwa bado barabarani. Nilitoka nimewaka hasira, nusu kwa ajili ya mila na nusu kwa ajili yangu mwenyewe.

Ofisini nilimweleza dada sababu. Alicheka mpaka akavua miwani apanguse macho. Kisha akaacha kucheka. Alisema angeweza kumwondoa mzee, lakini chuoni hakuna mwingine aliyewahi kukaa kwenye majopo kama lile lililokuwa linaningoja, na kuhojiwa na watu wapole hakungenifaa kitu. Akaniuliza nyumbani huwa tunazungumza vipi. Nikamwambia mzee akija kwa wakwe zangu husimama uani na kuuliza kama chai ipo, nami humwita Tata, yaani baba, na kumjibu nikiwa jikoni. Tukitenganishwa na ukuta hakuna shida.

"Kuta tunazo," alisema.

Basi tukarudia. Mimi na wale wahoji wawili tulikaa kwenye chumba cha mikutano, na mzee akawekewa kiti katika stoo ya karatasi, nyuma ya ukuta wa mbao unaopitisha hata kikohozi. Nikaanza kwa kujitahidi. Nikasema utafiti wangu unahusu akina mama na ulishaji wa watoto kwa njia ya asili.

"Njia ya asili ni ipi?" sauti iliuliza kutoka stoo. "Uji ni asili. Ndizi ni asili. Sijaelewa."

Nikasema ni ile njia ya mama mwenyewe. Akasema bado hajaelewa, na kwamba mtu asiyeweza kutaja kazi yake hafai kupewa kitu cha kuifanyia. Hapo damu ilinichemka.

"Kunyonyesha, Tata," nilisema. "Titi la mama."

Nilisikia kiti kikilia, nikadhani ameondoka.

"Haya," alisema. "Sasa tuanze mahojiano."

Alinikamua. Kwa nini nisiwaachie kazi hiyo wauguzi wa kliniki? Mwenye shamba atakubali vipi mchumaji aache kikapu? Nilijibu, nikabishana naye, nikagonga meza. Nilitoka nimelowa jasho, na furaha niliyokuwa nayo sikuwahi kuipata hata siku ya kuvaa joho.

Mahojiano yenyewe yalifanyika kwenye kompyuta. Mmoja wa wahoji alikuwa mzee mwenye mvi, na kwa dakika moja macho yangu yalitaka kushuka. Nikakumbuka stoo. Nikalitaja neno langu katika sentensi ya kwanza.

Nilipata ufadhili. Dada wa ofisi alinikumbatia mbele ya watu, lakini kutoka kwa mzee sikusikia kitu, na ingawa nilijua mila haimruhusu kunishika mkono, iliniuma kidogo.

Jumapili moja baadaye nilikuwa kwa wakwe zangu, jikoni, nikimenya ndizi na mama mkwe. Nikasikia kikohozi uani. Mzee akauliza kama chai ipo. Nikamwambia ipo.

Hakuondoka. Alisema wanawake wanaomchumia majani kwenye shamba lake la Nyansiongo amewajengea kibanda, wawe wanakuja na watoto wao. Ila hakujua mama aitwe kibandani wakati gani.

"Wewe ndiye mtaalamu," alisema.

Mama mkwe alinikata jicho la kuniambia nichunge ulimi. Niligeukia ukuta nikapaza sauti.

"Kila mtoto anapotaka, Tata. Aweke kikapu chini, amnyonyeshe."

Mama mkwe akaangusha kisu ndani ya beseni.

"Haya," mzee alisema. "Nitawaambia hivyo, kwa neno hilohilo. Sasa leteni chai."