Robo Eka ya Soya na Zamu ya Saba

Wanawake wanane wa upande ule wa Mogogosiek walipaliliana kwa zamu, wiki moja shamba moja, na zamu zilipangwa kwa kuchota punje za mahindi zilizotiwa alama za mkaa. Mwaka wa 1996 Abigael alichota ya saba. Wenzake walimpongeza: kufikia zamu ya saba sukuma wiki huwa zimekomaa, na mwenye shamba hahangaiki kutafuta mboga ya kuwapikia.

Kikundi kilikuwa na sheria moja. Haikuwa imeandikwa, kwa hiyo haikuwezekana kuirekebisha. Mwanachama hatii jembe shambani mwake kabla ya zamu yake. Akilitia, amewaambia wenzake kwamba mikono yao haimtoshi, nao humwamini na kumwachia mikono yake.

Kwa mahindi sheria hiyo haikumuumiza mtu. Lakini Abigael alikuwa amepanda soya, robo eka nzima, mbegu aliyoletewa na Opiyo, afisa wa kilimo. Na robo eka ile mumewe Kipsang alikuwa ameitayarishia miche ya chai, iliyokuwa tayari kwenye kitalu. Kipsang alikuwa mtu wa haki, akampa msimu mmoja. Magunia mawili, shamba linabaki la chakula. Yakipungua, miche inaingia. Na chai ikishaingia ardhini haitoki hata kwa maombi.

Opiyo alikuwa amemweleza bila kuzungusha. Soya ikiwa changa ni mpole, haijui kugombana. Kuanzia wiki ya pili baada ya kuota mpaka ya sita, magugu yakila nayo sahani moja, itakua tu, lakini maganda yatakuwa machache na mepesi.

"Ukipalilia ikishatoa maua, Mama," alisema, "unawasafishia wageni njia tu."

Abigael alihesabu wiki kwa vidole. Zamu yake iliangukia kwenye maua. Alihesabu tena kanisani, wakati wa mahubiri, jibu likawa lilelile.

Alimwendea Joan, jirani aliyeolewa mwaka mmoja naye, mwenye zamu ya tatu, akamwomba wabadilishane. Joan aliinama, akagusa goti lake.

"Mahindi hupaliliwa yakifika hapa, Mama Cherono. Maharagwe yako ya serikali yako kwa kifundo cha mguu. Tuyapalilie nini, kucha?"

Wanakikundi wengine waliokuwa karibu walicheka, na Abigael akacheka nao, kwa sababu alihitaji mikono yao mwakani pia.

Kila asubuhi, akienda kuchuma majani ya chai, alisimama ukingoni mwa soya. Gugu la kishona nguo lilikuwa limeipita urefu. Kongwe, gugu jingine, ilikuwa imetambaa katikati ya mistari kama mwenye hati ya shamba. Wiki ya tatu akakumbuka jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisema: sheria ilitaja jembe. Mikono haikutajwa.

Akawa anaamka kabla ya jogoo wa Joan, na kikapu cha chai mgongoni, akiingia katikati ya soya na kung'oa. Hakuacha gugu chini, maana kongwe ikitupwa kwenye udongo wenye mvua huota tena kana kwamba imealikwa. Alijaza kikapu, akampelekea ng'ombe. Ukingo aliuacha, hatua mbili kila upande, ili wapita njia waione aibu ileile ya jana. Mtu akikohoa njiani, Abigael alisimama wima na kuchezesha vidole kama anayechuma chai, mahali pasipo na mche hata mmoja.

Ng'ombe aliongeza maziwa. Kipsang alisema ni ile chumvi aliyonunua.

Zamu ya saba ilipofika, wanawake walipambana na ukingo karibu saa nzima. Kisha wakaingia katikati na kukuta udongo mtupu chini ya majani yaliyokutana. Wakaegemea majembe. Abigael, jikoni, aliusonga ugali mpaka ukawa mgumu kama tofali.

"Imefunika kama chai," Joan alisema.

Wote walikubali. Walikuwa watu wa chai, na chai ikishakutanisha majani hakuna kinachoota chini yake. Walikula, wakaenda nyumbani mapema.

Mwezi wa tisa soya ilipigwa kwa fimbo uani. Ya ukingoni Abigael aliipiga kando. Haikujaza mkebe wa kilo mbili. Ya katikati ilijaza gunia moja, na la pili likajaa hadi sindano ikapata taabu kulishona. Kipsang aliyasukuma kwa mguu, yakakataa kusogea. Miche akaipeleka kwa ndugu yake, na habari akaipeleka kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai: kuna mmea unaojipalilia.

Wiki hiyohiyo Joan alikuja na mfuko kuomba mbegu. Mgongo ulikuwa unamsumbua, alisema. Mwakani angepunguza mahindi, apande soya, aiache ijifunike. Wengine wanne walikuwa na mpango huohuo.

Abigael alipima mbegu, nyingine zikamwagika. Akinyamaza, Joan atavuna mkebe. Akisema, palizi ya Aprili itamkuta yeye peke yake na jembe lake.

"Haijipalilii," alisema. "Niliing'oa kwa mkono, kuanzia wiki ya tatu. Jembe sikutia."

Joan alitazama kikapu kilichoning'inia ukutani, chini yake kukiwa kijani kwa utomvu ambao haukuwa wa chai.

"Na sisi tukala ugali wako kwa kazi ya ukingo."

"Ndiyo."

"Ulikuwa mgumu pia."

Joan alifunga mfuko kwa fundo, akatoka. Langoni akasimama bila kugeuka.

"Aprili wenye soya wataanza, kabla ya mahindi yote. Hiyo nitawaambia mimi mwenyewe. Wewe, hata ukiwa na soya, utakuwa wa nane, wa mwisho."

Abigael alibaki mlangoni. Hakuwa amefukuzwa. Akainua mikono yake miwili, akaanza kuhesabu wiki.