Kilo tatu za mama

Miaka kumi nimepigana mieleka ya kimataifa, na safari hii nimeondolewa kabla ya kukanyaga mkeka: nilizidisha uzito kwa kilo tatu. Mimi, niliyeshindia muhogo mkavu na kukimbia hadi Minago kila asubuhi!

Nilirudi Rumonge na hasira. Wavuvi waliponiuliza, nikapayuka kwa kiherehere: “Mizani yao iko mbovu! Hapa nilijipima kila siku kwenye mizani ya mama, hii anayonunulia samaki wenu wa ndagala. Sikuzidi hata kidogo.”

Wavuvi wakaigeukia mizani. Mama akaifunika mizani kwa kitenge.

“Muende dukani,” akasema mzee mmoja, “mulete mufuko wa simenti, ule wa kilo hamsini.”

Wakaifunua mizani, wakaubwaga juu yake. Mshale ukasimama kwenye arobaini na saba.

Mama hakuutazama. Alinitazama mimi.