Nyanya Mbele, Vitunguu Nyuma

Mimi ni mtoto wa kiwanda cha saruji. Baba alitoka Kenya kuja kufanya kazi Kasese, akaniachia Kiswahili chake na hasira zake za karibu. Siku hizi naandika programu za kompyuta kwa Hajji mmoja mwenye malori, na kazi naipenda.

Ghala la Hajji kule Bwera lina programu yake: mzigo ukifika, karani anauandika. Ofisi ya Kasese ina nyingine, inayoupangia mzigo lori. Zamani hizi mbili ziliongea moja kwa moja, na ya Kasese ikizimwa, ya Bwera iliganda ikisubiri jibu. Na Kasese huzimwa kila Ijumaa. Hajji akienda msikitini anazima kila kitu chenye waya. Ijumaa moja ujumbe ukapotea hivyo, na nyanya za mama mmoja zikaozea ghalani. Mama akasema zikioza tena anahamia kwa msafirishaji mwingine. Yeye ndiye aliyetuamini kabla ya wote pale Bwera, nami sikutaka kumpoteza.

Basi nikaweka foleni katikati. Programu ya Bwera inaacha ujumbe foleni na kuendelea na kazi. Ya Kasese ikiamka inauchukua, uliotangulia kwanza. Wazo nililitoa bombani kwetu Bulembia, ambako wanawake hupanga jerikani kisha hurudi nyumbani kupika.

Ijumaa ya kwanza Hajji alitoka kuswali amechangamka, akawahi kuwasha kompyuta kabla yangu. Nilipoingia nikaiamsha programu ya malori, ikachukua ujumbe wa vitunguu, dereva akaondoka. Nikajimiminia chai kwa maringo. Kabla sijaimaliza, mama wa nyanya akapiga simu.

“Mutoto wangu, niko hapa tangu asubuhi, nimekaa juu ya kreti yangu. Karani anasema gari inakuya ya mutu wa bitunguu. Na mimi?”

Nikaangalia foleni. Tupu. Damu ikanichemka.

“Lakini nyanya mimi niliona,” Hajji akasema. “Ilikuwa mbele kabisa.”

“Uliona wapi, Hajji?”

Akanionyesha kidirisha nilichokuwa nikikitumia kwa majaribio. Kinavuta ujumbe mmoja na kuuonyesha, basi. Hajji alikuwa amekifungua, akaona nyanya, akamshukuru Mungu, akakifunga. Nilitaka kufoka, lakini utamfokea vipi mtu aliyefurahia kazi yako?

“Hajji, kwenye foleni hii kuangalia ni kuchukua. Ujumbe ulitoka ukaja kwako, programu haikuuona.”

“Sasa rudisha.”

“Nikiurudisha sasa utakaa nyuma ya vitunguu, na lori lao limeshaondoka.”

Akakunja uso. “Hapana. Kwa bomba, kama mutu anasukuma jerikani yako, anarudisha pahali ilikuwa.”

Akampigia dereva, ambaye kwa bahati alikuwa bado njiani, amesimama Kikorongo kununua maji. “Wewe, sikia. Bwera unapakia nyanya mbele. Kitunguu inangoja gari ingine.” Akakata bila kwaheri, kama afande. Nyanya ziliondoka Bwera jioni hiyo zikiwa nzima, nami nikashusha pumzi.

Wiki ile nikabadilisha mambo. Sasa ukiangalia, ujumbe unabaki pale pale ulipokuwa, na hautoki foleni mpaka lori lipatikane. Hajji anaangalia kutwa nzima. Bado ananiuliza kwanza kama haitaharibika, nami namwambia angalia tu, Hajji, ni yako.

Ijumaa iliyofuata nilimpigia yule mama kumwambia lori limeondoka. Nyuma yake nilisikia sufuria na kelele za watoto. Nikaingiwa na hofu kwamba amechukua nyanya zake na kuhama.

“Mama, hauko ghalani?”

“Niko nyumba, napika,” akasema. “Nyanya iko mu foleni.”